Waacheni wagombane kwa ngoma

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama muziki na maonyesho ya jukwaani yanaweza kuwapa matumaini watu wanaoishi katikati ya mgogoro. Mmetoa mfano wa Ingoma Nshya, akina mama wa Huye, Rwanda, walioanza kupiga ngoma pamoja mwaka 2004, wajane wa mauaji ya kimbari wakiwa bega kwa bega na wake za walioua. Mfano huo umenikaa kichwani. Mimi ni Mhehe wa Kilolo, nimefundisha shule ya msingi Mbarali kwa miaka mingi, na sasa nimestaafu, naishi Makambako. Jibu lililonijia kwanza ni hapana.

Matumaini ya mkulima wa Usangu, bonde la mpunga huko Mbarali, ni maji yafike kwenye jaruba lake siku ya zamu yake, yasiishie kwa wakubwa walio karibu na banio, pale mfereji unapochukua maji mtoni. Matumaini ya mfugaji ni njia ya kupitisha ng'ombe mpaka mtoni bila kukamatwa na kutozwa faini. Mtu aliyekosa hayo ukimpelekea jenereta na spika, unamwomba anyamaze. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Kikundi cha maigizo kiliwahi kuletwa kijijini kwetu na mradi mmoja, kutoka mjini, na lori lililogeuzwa jukwaa. Mfugaji wa kwenye igizo alikuwa mlevi mwenye fimbo, mkulima alikuwa mnyonge anayelia, na mwisho walishikana mikono wakaimba amani. Fulana ziligawiwa. Wafugaji wenyewe, Wasukuma na Wamang'ati, walikuwa wamekaa nyuma kabisa, chini ya mkwaju, na kabla wimbo wa mwisho haujaisha walikuwa wameshaondoka. Nani angebaki kumtazama mtu akicheza ubaya wake mbele ya watoto wake?

Na muziki wenyewe hauchagui upande. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyokaa hapa kwetu Arusha, ilimhukumu mwanamuziki Simon Bikindi miaka 15 jela Desemba 2008. Kilichomtia hatiani ni maneno aliyoyasema kwa kipaza sauti cha gari, barabarani, Juni 1994, akihimiza Watutsi wauawe. Hakufungwa kwa nyimbo zake, ila majaji waliona kwamba nazo zilitumika katika propaganda ya chuki. Ni Rwanda hiyohiyo ya akina mama wenu wa ngoma. Kwa hiyo anayeniambia muziki ni dawa, namuuliza: upi, wa nani, na nani ameshika kipaza sauti?

Lakini siwezi kuliacha hapo bila kusimulia mahafali.

Ilikuwa miaka michache baada ya Kilosa. Wa rika langu hawahitaji kuelezwa, ila vijana wajue: Desemba 2000 watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni, wilaya ya Kilosa, katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Tangu hapo kila ng'ombe aliyeingia jarubani Usangu alikuwa anatikisa kijiji kizima. Mwaka ninaousema maji yalichelewa, mpunga ukapandikizwa kwa kuchelewa, na mwezi wa sita, wakati wengine wameshavuna na ng'ombe wameanza kula mabua, majaruba ya upande wa chini yalikuwa bado yamesimama. Kundi likaingia usiku. Asubuhi ng'ombe wakakamatwa, ikadaiwa fidia, ikawa ngumi, ikawa panga, kijana mmoja akakatwa mkono juu ya kiwiko. Kesi ikaenda baraza la kata. Mpaka Septemba ilikuwa haijaisha, na akina mama wa pande mbili walikuwa hawachoti tena maji kwenye mfereji kwa wakati mmoja.

Septemba ni mahafali ya darasa la saba. Watoto wa pande zote walikuwa wanamaliza, kwa hiyo wazazi wa pande zote walikuja. Mimi ndiye niliyekuwa na kwaya ya shule, na akina mama wa kijijini walikuwa wamejitolea kuimba na watoto wao. Wazazi wa Kisukuma nao walimwambia mwalimu mkuu wataleta ngoma. Alikubali bila kuuliza ngoma gani.

Mgeni rasmi alichelewa. Saa nne ikapita, saa sita ikapita. Ndipo mvulana mmoja akaja mbio ofisini: Mwalimu, Wasukuma wanakuja na majembe. Nilitoka nje. Wanaume walikuwa wanaingia uwanjani kwa mstari, kila mmoja na jembe begani, jembe kamili lenye mpini. Upande wa wakulima watu walianza kusimama. Nakumbuka mama mmoja aliyekuwa ameshika sufuria la wali, akaliweka chini taratibu na kuwavuta watoto wake wawili nyuma ya darasa. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amepauka midomo. Kisha ngoma ikalia, ile kubwa, na majembe yakaanza kuzunguka mikononi, yakarushwa juu, yakadakwa, yote kwa pigo moja.

Ilikuwa bugobogobo. Ni ngoma ya kulima. Sisi tuliokuwa tunawaita wafugaji kila siku, kwenye vikao na kwenye mashtaka, tulikuwa tunawatazama wakicheza kilimo kuliko sisi tunavyokijua. Mzee mmoja wa Kisangu aliyekuwa karibu yangu, mwenye jaruba lililoliwa, alisema kwa sauti: kumbe hawa wanalima! Wanalima, mzee. Wengi wao walikuwa na mashamba ya mahindi na mpunga tangu wazazi wao walipofika Usangu miaka ya 1970, ila mtu akishaitwa mfugaji jembe lake halionekani tena.

Baadaye manju wao, kiongozi wa ngoma, alianza kuimba kwa Kisukuma, halafu akageuza kwa Kiswahili ili tusikie. Hakuimba amani hata mara moja. Aliimba kwamba ng'ombe wake amekula mpunga, ndiyo, na hana aibu kusema, ila nani aliyelima jaruba juu ya njia ya kwenda josho? Alimtaja aliyelima kwa jina. Uwanja uliguna. Nilijua tumekwisha.

Aliyejibu hakuwa mwenyekiti. Alikuwa mama wa kwaya yangu, mwenye sauti ya pili, mjane. Hakungoja kupewa nafasi. Alichukua tuni ya wimbo tuliokuwa tumeufanyia mazoezi wiki nzima na kuweka maneno yake: magunia aliyotegemea, ada ya mwanawe, mkopo wa mbolea, na kwamba ng'ombe hana macho ya kusoma mpaka lakini mwenye ng'ombe anayo. Wenzake wakamwitikia. Manju akasubiri amalize, ngoma ikamjibu, akarudi na ubeti mwingine. Wakaendelea hivyo kwa muda mrefu, wakitupiana, na kila ubeti mkali ulipigiwa vigelegele hata na upande uliosemwa. Watu walianza kutuza. Nilimwona baba wa yule kijana aliyekatwa mkono akienda mbele kumbandika manju noti kwenye paji la uso, bila kucheka, kisha akarudi kukaa. Mpaka leo sijaelewa vizuri alikuwa na maana gani.

Mgeni rasmi alipofika tulikatisha. Alisoma hotuba yake. Lakini wiki ile baraza lilikaa, na jambo ambalo halikuwa limeandikwa kwenye shauri lolote, yaani njia ya josho iliyolimwa, lilikuwa limeimbwa mbele ya kijiji kizima na halikuweza kufichwa tena. Fidia ililipwa kwa awamu. Njia ilipimwa kwa kamba, vigingi vikachimbiwa. Akina mama walirudi kwenye mfereji.

Sisi Wahehe tungetakiwa kulielewa hili mapema. Tulipigana na Wangoni kuanzia 1878 mpaka 1882, tukauana sana, na kilichobaki leo ni utani. Mngoni anaweza kuja kwenye msiba wangu akalala kaburini, akakataa kutoka mpaka alipwe, akamtukana marehemu, na hakuna wa kumgusa. Wazee wale walipeana ruhusa ya kusemana vibaya ndani ya mipaka inayojulikana, na matusi yakachukua nafasi ya mikuki. Uwanjani siku ile niliona kitu cha ukoo huo.

Kwa hiyo naandika hapa nikiwa nimeshahama kutoka kwenye hapana yangu, na ningependa kuishia kwenye ndiyo. Ila kuna 2006.

Mwaka ule nchi ilikuwa gizani kwa mgao wa umeme. Mto Ruaha Mkuu ulikuwa ukikauka kila kiangazi tangu miaka ya 1990, maji ya bwawa la umeme la Mtera yalikuwa yameshuka, na lawama nyingi ziliangukia mifugo ya Usangu na ya Ihefu, eneo lake oevu. Ikaja operesheni ya Serikali. Wafugaji wakaondolewa, wengi wakaelekezwa Lindi na Pwani, na manju wetu alikuwa miongoni mwao. Hakuna wimbo uliozuia lori hata moja. Mgogoro ule ulikuwa na upande wa tatu ambao haukuwepo uwanjani siku ya mahafali wala haukuwa na mtoto darasa la saba. Miaka miwili baadaye Hifadhi ya Ruaha ikapanuliwa kwa Tangazo la Serikali namba 28 la 2008, na wakulima waliobaki nao wakajikuta wanaambiwa wako ndani ya hifadhi. Jambo hilo lilivisumbua vijiji vya Mbarali kwa miaka mingi.

Hata hivyo, kwenye mkutano wa kijiji kabla ya wafugaji kuondoka, yule mama wa sauti ya pili alisimama akasema hawa ni wanakijiji wenzetu, wamelipa fidia, njia yao tumeipima sisi wenyewe. Watu kadhaa wa kwaya walisimama naye. Hawakusikilizwa. Miaka michache nyuma hakuna hata mmoja wao ambaye angelisema hilo, na mimi nimeshindwa kuliona kuwa ni dogo.

Hao akina mama wa Huye mliowataja hawakuishia kwenye ngoma. Mwaka 2010 walifungua duka la aiskrimu, wakauza, wakapata kipato. Hilo mngelitaja pia, kwa sababu matumaini yasiyo na kazi ya kufanya Jumatatu asubuhi hayadumu.

Hukumu yangu basi ni ndiyo, muziki unafaa, ikiwa walioumizwa ndio wanaotunga na wana ruhusa ya kutaja kosa kwa jina. Nayo inabaki kuwa ndiyo pale tu wanaogombana wote wapo uwanjani. Aliye mbali, mwenye kalamu, haimbiwi, anaandikiwa. Na wimbo wa amani ulioletwa ukiwa umeshatungwa mjini, bado nasema hapana, hata uwe mtamu vipi.

Kama kuna kikundi kinachojiandaa kuja Mbarali kwa sababu ya swali lenu, kiache lori Igawa, kwenye barabara kuu. Kiulize kijijini ni nani anajua kutunga, pande zote, kisha kisubiri mahafali. Septemba mpunga umeshaingia ghalani na watu wana nafasi ya kukaa uwanjani mpaka jioni.