Ukipanda mlima na kundi jipya, usione haya kuchoka

Wageni wengi kwenye makundi ya kupanda milima huponzwa na wema wa wenyeji wao. Umepokelewa kwa bashasha, karanga zinapita mkono kwa mkono, soga hazikatiki. Utaanzaje kusema umechoka na kilele hata hakijaonekana? Basi unajikaza kisabuni, ukiulizwa unajibu "niko sawa", na kumbe miguu inatetemeka.

Kipimo changu ni hizo soga zenyewe. Ukiweza kumaliza sentensi bila kukatwa na pumzi, mwendo huo unakufaa. Ukiona umebaki kuitikia "mm" na "eeh" tu, punguza, tena mapema. Nguvu unayoimaliza saa ya kwanza ndiyo utakayoitafuta jioni.

Halafu kuna dhuluma moja inayofanywa na watu wazuri kabisa. Waliotangulia wamekaa juu ya mawe, maji wameshakunywa, jasho limekauka. Wa mwisho anatokea anahema, na kabla hajatua mkoba wenzake wanajipangusa makalio: "Haya, twendeni!" Yaani aliyechoka kuliko wote ndiye asiyepumzika. Kwenye kundi ninalotembea nalo, dakika za mapumziko huanza kuhesabiwa wa mwisho akishaketi. Kama kundi lako halina utaratibu huo, uombe kabla hamjaanza safari, na wakati huohuo mwambie kiongozi habari za goti lako bovu au pumu yako. Mwenye mwendo mdogo naye atembee karibu na mbele, na mzoefu mmoja afunge msafara.

Muda nao msiukadirie kwa macho. Mwaka 1892 Mskoti William Naismith alitoa kanuni ambayo bado inatumika: saa 1 kwa kila kilomita 5 hivi, ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 15 yenye mwinuko wa mita 1,200 ni saa 5, bila kupumzika wala kupiga picha. Kwa kundi lenye watu wa kila aina mimi huongeza nusu yake. Pangeni pia saa ya kugeuza, na ikifika mgeuze hata kama kilele mnakiona. Hapo ndipo urafiki hujaribiwa kweli, maana kila mtu anangoja mwingine aseme.

Nguo sitazungumza sana: sweta na koti la mvua hata jua likiwaka, kwani kila mita 1,000 unazopanda joto hupungua nyuzi 6 hivi. Pamba ikilowa jasho haikauki upesi, na mkisimama kwenye upepo utaisikia mgongoni. Beba filimbi, milio 6 ndani ya dakika 1, kisha kimya cha dakika 1, ni ishara ya kuomba msaada.

Kushuka ndiko watu hukudharau. Kucha za miguu zikate siku moja au mbili kabla, na kileleni fungua kamba za viatu uzikaze upya kwenye kifundo, vidole visije vikagonga mbele njia nzima. Mapaja yatauma zaidi siku ya pili au ya tatu kwa sababu ya mteremko huo, kiasi cha kushuka ngazi kinyumenyume. Ni kawaida, yataachia yenyewe.