Usiifute Hiyo Simu

Safari hii maswali yote yanahusu watu wazima wanaowanyemelea watoto kupitia simu, na askari wanaowafuatilia.

Binti yangu wa miaka 13 anachati na mwanaume anayemwomba picha za utupu. Nifute kila kitu? (Mama, Uyole)

Pole, mama. Simu ichukue, ila usifute kitu. Angalia kwanza kama ujumbe umewekwa ujifute. WhatsApp inaruhusu utoweke baada ya saa 24, siku 7 au siku 90. Chukua simu nyingine upige picha kioo: maneno yao, namba, tarehe na saa. Skrinishoti ya Snapchat humshtua yule wa upande wa pili, ndiyo maana tunasema simu nyingine. Nakili jina la akaunti herufi kwa herufi, lile lenye @, maana jina la juu hubadilishwa muda wowote. Picha za utupu za mtoto usizipige wala kuzihamisha, ziache zilipo. Kumbloku kusubiri umalize, la sivyo atajua ameshtukiwa na kufuta akaunti.

Kisha washa alama ya ndege na uhakikishe Wi-Fi nayo imezimika, kwa sababu akaunti inaweza kufutwa kutoka mbali. Usiizime simu. Ikiwashwa upya, yaliyomo yanabaki yamefungwa hadi nywila iandikwe, na mtoto mwenye hofu huisahau. Peleka simu, chaja na nywila iliyoandikwa kwenye karatasi kwa Dawati la Jinsia na Watoto kituoni, na usiondoke bila namba ya RB, ile ya kumbukumbu ya taarifa yako. Ikiwa walishakutana akaingiliwa, asioge, na afike hospitali ndani ya saa 72. Dawa za kuzuia VVU hazisubiri zaidi ya hapo.

Nichati kama mwanangu, nimwite stendi ya Nane Nane tumkamate? (Baba, Tukuyu)

Hapana, mzee wetu. Ukishaandika wewe, wakili wake atauliza maneno yapi ni ya mtoto na yapi ni yako, na jibu zuri hutakuwa nalo. Askari wa vitengo maalumu waliofunzwa kujifanya watoto hawaanzishi mazungumzo ya ngono. Humwacha mtuhumiwa alete mwenyewe. Halafu stendi ina watu wengi. Kelele moja ya "mwizi!" na unaweza kubaki na maiti badala ya kesi.

Picha ya mwanafunzi wetu inazunguka kwenye grupu la wazazi. Nimtumie mkuu wa shule kama ushahidi? (Mwalimu, Mafinga)

Usiitume kwa yeyote, hata mkuu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kusambaza picha za ngono za watoto, na nia njema ni utetezi wa kubahatisha. Andika jina la grupu, namba iliyotuma na saa, kisha mpeleke askari simu yenyewe.

Laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole. Mbona mtu hapatikani siku hiyohiyo? (Njombe)

Laini inaweza kuwa imesajiliwa kwa kidole cha bibi fulani aliyedanganywa. (Piga *106# uone laini zilizo kwa jina lako, wengi hushtuka.) Na mhalifu wa mtandaoni mara nyingi haachi namba ya simu, anaacha anwani ya IP, yaani namba inayotambulisha muunganisho wake wa intaneti. Kwenye intaneti ya simu, anwani moja hutumiwa na wateja wengi kwa wakati mmoja. Ili kampuni ya simu imtenge mmoja, mpelelezi anahitaji saa kamili hadi sekunde, pamoja na namba ya poti, ile inayotofautisha wateja wanaotumia anwani moja.

Hapo ndipo kesi huharibika kirahisi. Seva nyingi huandika saa za kimataifa, zilizo nyuma ya zetu kwa saa 3. Mzazi anasema "saa mbili usiku", mwandishi wa maelezo anaandika 2:00 usiku, anayetafsiri anaisoma kama saa nane. Kosa la saa 6, na kampuni inaleta jina la mtu asiyehusika. Sema saa mbili usiku, kisha uombe iandikwe 20:00, saa za Tanzania.

Nimekuta picha za watoto kwenye simu ya mteja. (Fundi simu, Mwanjelwa)

Acha kazi hapohapo. Usizikopi kwenye kompyuta yako, usiiflashi simu, usimwonyeshe jirani. Andika ulikuwa unatengeneza nini ulipozikuta, kisha ita polisi kwa 112.

Nina miaka 16. Ana picha yangu, anataka hela kila wiki. (Iringa)

Usitume tena, mdogo wetu. Kila malipo humwonyesha kwamba unalipika. Hukufanya kosa, anayetisha ndiye mkosaji. Tunza ujumbe wa muamala wenye jina la mpokeaji, ni ushahidi mzito kuliko unavyodhani. Piga 116, simu ya watoto, ni bure. Tumia pia Take It Down, huduma ya NCMEC, kituo cha Marekani cha kulinda watoto: inatengeneza alama ya tarakimu ya picha, mfano wa alama ya kidole chake, ndani ya simu yako, picha yenyewe haitoki, na mitandao iliyojiunga huitafuta na kuiondoa. Ndani ya magrupu ya WhatsApp haifiki. Huko ni kazi ya askari wa dawati.