Mwanangu, kuhusu mionzi na kinga ya mwili

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikiwa nimesimama mlangoni, ya pili nikiwa nimekaa na miwani yangu. Unaniuliza kama ni busara kubobea katika matibabu ya mionzi wakati wenzako wanakimbilia dawa za kuamsha kinga ya mwili, na kama daktari mmoja anaweza kuhudumia wagonjwa na kufanya utafiti wa maabara bila kuharibu kazi zote mbili. Mimi nilikuwa fundi wa kuwalaza wagonjwa chini ya mashine, sikuwa daktari. Kwa hiyo nitakujibu kwa kisa cha daktari ambaye kazi yake nimeifuatilia kwa miaka mingi, Silvia Formenti.

Ni Mwitaliano aliyesomea udaktari Milan, akahamia Marekani, akaongoza idara ya mionzi katika Chuo Kikuu cha New York, na mwaka 2015 akahamia Weill Cornell, chuo cha udaktari katika jiji hilohilo. Nilimfahamu kwanza kwa jambo ambalo huenda wewe ukaliona dogo: alitaka wanawake wenye saratani ya matiti walale kifudifudi. Sisi tulizoea kumlaza mgonjwa chali, mkono juu ya kichwa, tukamchorea mistari ya wino kifuani na kumsihi asiisugue akioga. Titi la kushoto likitibiwa hivyo, mionzi hupita jirani na moyo. Mgonjwa akilala kifudifudi juu ya ubao wenye tundu, titi huning'inia mbali na kifua. Mwaka 2012 Formenti na wenzake walichapisha vipimo vya wagonjwa 400, na kati ya wale wenye saratani ya titi la kushoto, asilimia 85 walipata nafuu hiyo: sehemu ya moyo iliyoingia katika njia ya mionzi ilipungua. Niliposoma hayo nilisema moyoni, huyu amekaa na wagonjwa.

Jambo lake kubwa, hata hivyo, lilitokana na fumbo la zamani. Mwaka 1953 Mwingereza R. H. Mole aliita abskopali ile athari ya mionzi inayojitokeza mbali na mahali ilipopigwa. Mara chache sana, uvimbe mmoja ukipigwa mionzi, uvimbe mwingine ambao haukuguswa nao hunywea. Wengi walilichukua kama ajabu la kusimuliana wakati wa chai. Formenti alishirikiana na Sandra Demaria, daktari wa patholojia, yaani anayechunguza tishu za ugonjwa kwa darubini, Mwitaliano mwenzake, na mwaka 2004 wakachapisha jaribio la panya waliopandikizwa uvimbe pande mbili. Walipiga mionzi upande mmoja, wakaongeza kichocheo cha seli za kinga, na uvimbe wa upande wa pili ukapunguza kasi ya kukua. Kwa panya wasio na seli T, zile askari wa kinga ya mwili, ule wa pili uliendelea kukua kama kawaida. Hapo ikajulikana kwamba kilichosafiri kutoka uvimbe hadi uvimbe ni kinga ya mwili.

Sasa nikueleze kilichonishangaza zaidi, maana sisi mafundi tuliamini kwamba mionzi mingi ndiyo tiba kali. Katika panya wao waliopewa dawa ya kuzuia CTLA-4, ambayo ni breki ya seli T, dozi moja ya grei 20 (grei ni kipimo cha mionzi) haikuusaidia uvimbe wa mbali, bali dozi tatu za grei 8 zilisaidia. Mwaka 2017 timu hiyo ilieleza sababu: mionzi huvunja DNA, vipande vyake vikavuja nje ya kiini, na seli ikadhani imevamiwa na virusi, ikapiga mbiu ya kuita kinga. Dozi ikiwa kubwa mno kwa mara moja, seli huzalisha kimeng'enya kiitwacho TREX1, kinachovifagia vipande hivyo, na mbiu hailii.

Kutoka kwa panya alirudi kwa wagonjwa. Dawa ya aina hiyo kwa binadamu, ipilimumab, iliidhinishwa Marekani mwaka 2011 kwa melanoma, saratani ya ngozi, lakini kwa saratani ya mapafu haikufua dafu. Formenti aliiunganisha na mionzi kwa wagonjwa 39 wa mapafu ambao tiba za awali zilikuwa zimewashinda, na mwaka 2018 akachapisha kwamba kwa asilimia 18 yao vivimbe visivyopigwa mionzi vilinywea. Ni wachache, nami sitaki ujidanganye. Lakini wasingetarajiwa kabisa.

Kuna pia kushindwa. Avelumab, dawa nyingine ya kuamsha kinga, ilipotolewa pamoja na mionzi na kemotherapi kwa saratani ya kichwa na shingo, haikuleta faida. Lakini durvalumab, ya jamii hiyohiyo, iliyotolewa baada ya mionzi na kemotherapi kwa saratani ya mapafu ya hatua ya tatu iliacha asilimia 42.9 wakiwa hai baada ya miaka mitano, dhidi ya 33.4 waliopewa dawa bandia. Maelezo mojawapo ya tofauti hiyo ni kwamba mionzi ya shingo hupita kwenye tezi za limfu, ambako seli T hufundishwa. Ukiichoma shule, usitarajie wanafunzi. Ni nani basi atakayeamua tezi ipi ipigwe, kwa dozi gani, na dawa ianze siku ipi? Ni daktari wa mionzi anayeielewa kinga. Na usidhani hayo ni ya New York tu: pembrolizumab, nayo dawa ya kuamsha kinga, ikiunganishwa na mionzi na kemotherapi kwa saratani ya shingo ya kizazi, ugonjwa uliojaza benchi zetu kila Jumatatu, iliinua idadi ya walio hai baada ya miaka mitatu kutoka asilimia 74.8 hadi 82.6.

Swali lako la pili umeona jibu lake katika majina mawili. Formenti hakuwa mtu mmoja mwenye kazi mbili; alikuwa na Demaria. Kabla hujajaza fomu ya masomo, mtafute mtu wa patholojia hapo hospitalini kwako, umwombe jioni moja kwa wiki mtazame pamoja slaidi za wagonjwa wako, kabla na baada ya mionzi. Akikubali, niandikie tena, nami nitakutumia daftari langu la dozi.

Baba yako