Kabla ya Kubishana Gemu Lipi ni Bora, Uliza: Bora kwa Lipi?

Nyumbani kwetu Tanga, Idi haipiti bila ubishi wa magemu. Sahani za pilau zikishaondolewa, kaka yangu na mabinamu hujipanga barazani, na kabla chai haijapoa mmoja atatamka: "Hakuna gemu litakaloifikia Winning Eleven," lile la mpira wa miguu. Basi kelele zimeanza. Idi ya mwaka juzi nilikuwa nao, namenya machungwa, nikasema kwamba kwangu mimi gemu kubwa kuliko yote ni nyoka, yule wa kwenye simu za Nokia. Walicheka mpaka majirani wakachungulia. Kaka akaniambia, "Dada, lile si gemu. Lile ni la kupotezea muda ukisubiri daladala."

Maneno yale yaliniuma kuliko alivyodhani. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyatafuta magemu ya zamani na kuyacheza upya, nikisoma yalivyotengenezwa, na kuubeba ubishi ule na kaka kwa simu hadi usiku. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyojifunza, kwa yeyote anayependa mada hii na amechoka kupiga kelele bila kufika popote.

La kwanza: msikilize mwenzako anatetea nini hasa. Mmoja akisema gemu fulani ni bora, anaweza kumaanisha kwamba ni tamu hata ukilicheza leo. Mwingine anamaanisha kwamba lilibadilisha maisha ya watu wengi. Wa tatu anamaanisha kwamba wengine waliiga kutoka kwake. Gemu moja linaweza kushinda kwenye swali moja na kuanguka vibaya kwenye jingine, na sisi barazani tulikuwa tunajibizana kila mtu na swali lake.

Nimchukue nyoka wangu. Mhandisi wa Nokia, Taneli Armanto, ndiye aliyemwingiza kwenye simu ya 6110 iliyotoka mwishoni mwa 1997. Wazo lenyewe lilikuwepo tangu 1976, kwenye gemu la Blockade la kampuni ya Gremlin ya Marekani, ambamo wachezaji wawili waliburuta ukuta nyuma yao mpaka mmoja augonge. Kwa hiyo ukinibana kwa uvumbuzi, nyoka hana cha kujivunia, na ninakubali. Ila uniulize ni nani aliyefikiwa. Nokia 1100, ile ya tochi, ilitoka 2003 na kuuzwa zaidi ya milioni 200 duniani, na moja ya hizo ilikuwa kwenye mkoba wa mama yangu. Mama hakununua gemu. Alinunua simu ili azungumze na wateja wake wa vitenge, na nyoka akaja humo humo bila kulipiwa.

Mimi sikuwahi kuingia kwenye kibanda cha gemu cha pale kwetu Ngamiani. Hakuna aliyeandika mlangoni kwamba wasichana hawaingii, lakini nilijua, kama tulivyojua sote. Kaka alipotoka madrasa alipitia kibandani na shilingi zake mia, akakaa mbele ya runinga ya chogo mpaka magharibi. Mimi nilirudi kuchambua mchele, na nikimaliza naomba simu ya mama. Ndiyo maana huwa naomba kila mbishani ajiulize ni nani hakushika pedi ya kuchezea. Orodha nyingi za magemu bora zimetungwa na watu waliokuwa na kiingilio, na huwa wanahesabu kumbukumbu zao kama ndiyo historia yenyewe.

Na nyoka ni mtamu, hilo silitetei kwa huruma. Mtazame vizuri. Chakula ndicho kinachokuhatarisha: kila unachomeza kinakurefusha, na urefu huo huo ndio utakaokuua. Asiyejua kucheza hubaki mfupi, salama. Anayejua anajijengea ukuta wa mwili wake mwenyewe, na sekunde za mwisho kabla hajajigonga ni za ustadi mkubwa kuliko zote. Sijaona magemu mengi ya bei ghali yaliyobana wazo zito namna hiyo ndani ya vitufe vinne.

Ushauri wangu wa pili ndio unaokataliwa zaidi: usilitetee wala kulibeza gemu ambalo hujalicheza tena ukiwa mtu mzima. Kumbukumbu hutia sukari. Nilinunua PlayStation 2 iliyotumika pamoja na PES 6 (Pro Evolution Soccer) ya 2006, ile ambayo Japani iliitwa Winning Eleven 10, na kaka alipokuja Dar kwa shughuli zake nikamwekea. Alifurahi kama mtoto. Adriano, yule mshambuliaji wa Brazil, yumo, na mguu wake wa kushoto ule ule uliokuwa ukivunja urafiki wa watu vibandani. Liverpool bado wanaitwa Merseyside Red, kwa kuwa Konami, watengenezaji wa gemu, hawakuwa na haki ya kutumia jina lao. Akacheza na mashine mechi moja, ya pili, ya tatu, na mimi namwona furaha inampungua. Ya nne hakuimaliza. Akaweka pedi chini, akanisukumia ya pili: "Njoo basi tucheze wote."

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kwamba gemu lake limechuja. Tulicheza mpaka saa saba usiku. Nilifungwa mabao nisiyoyahesabu, kisha nikaanza kuona alichokuwa akikiona yeye tangu utotoni: pasi inakwenda pale ulipokusudia kama umeitazama mapema, beki anachelewa nusu hatua kwa sababu wewe umechelewa, na kosa lako mwenzako analiona papo hapo, anakucheka. Mashine haicheki. Gemu lile lilitengenezwa kwa watu wawili waliokaa bega kwa bega, na ukilicheza peke yako umecheza nusu yake. Zamani nilikuwa nikisema kwamba utamu wa Winning Eleven ulikuwa ni kibanda tu, yaani makelele, wasubiriaji na ule utaratibu wa aliyefungwa kumpisha mwingine. Nilikosea. Kibanda kilikuwa kikubwa kwa sababu gemu lilijua kumpa nafasi mtu wa pili.

Jaribio la haki zaidi, hata hivyo, ni kumpa gemu mtu asiye na kumbukumbu nalo kabisa. Mtoto wa kaka ana miaka tisa. Nilipata ile mashine ya kuigiza Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo ya miaka ya themanini, yenye kaseti za njano, zile zinazojidai zina magemu laki tisa na kitu ilhali ni machache yanayojirudia, nikamwekea Super Mario Bros. ya 1985 bila kumweleza neno. Nikakaa pembeni nitazame.

Mario amesimama kushoto, na kulia kote ni peupe. Mtoto akaelewa aende wapi. Kikaja kile kidudu cha kahawia chenye uso wa hasira, akakigusa, akafa. Hakupoteza kitu, sekunde chache tu. Mara ya pili akaruka. Kisha akagonga kwa kichwa kile kisanduku chenye alama ya kuuliza, ukatoka uyoga. Akauogopa, kwa kuwa ametoka kuuawa na kitu chenye umbo linalofanana nao. Uyoga ukaenda, ukagonga bomba, ukageuka kumfuata. "Shangazi, unanifuata!" Akaruka kuukwepa, akajigonga kwenye matofali ya juu, ukampata. Akawa mkubwa. Akanigeukia macho yamemtoka, na kuanzia hapo hakuniuliza tena kitu chochote.

Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka, waliolitengeneza, walikuja kueleza kwamba eneo lile walilipanga hivyo kwa makusudi, mchezaji asiweze kuukwepa uyoga kirahisi hata akiuogopa. Gemu zima lina kilobaiti 40, ndogo kuliko picha nyingi tunazotumiana kwenye WhatsApp. Walibana mpaka mawingu na vichaka vikawa umbo moja lililobadilishwa rangi. Miaka karibu arobaini baadaye, mtoto wa Tanga asiyejua hata hao ni nani alifundishwa nao bila maelezo hata mstari mmoja. Mtu akitaka kuniambia Super Mario ni gemu kubwa, siku hizi sihitaji anitajie mauzo. Namkumbuka tu yule mtoto akiukimbia uyoga.

Mashine yenyewe nayo ijue. Alexey Pajitnov alipobuni Tetris, lile gemu la kupanga vipande vinavyodondoka, kule Moscow mwaka 1984, kompyuta aliyokuwa nayo, Electronika 60, haikuweza kuchora picha, hivyo vipande vyake vya kwanza vilikuwa mabano yaliyopangwa kwenye skrini. Kwenye Space Invaders ya 1978, gemu la kuwapiga risasi wavamizi wa kutoka angani, wale wavamizi huongeza kasi kadiri unavyowapunguza. Tomohiro Nishikado, aliyelitengeneza, hakulipanga hilo mwanzoni, ila kichakataji, yaani ubongo wa mashine, kilipata nafuu kila walipobaki wachache wa kuchora, naye akaona linanoga, akaliacha. Ugumu pia una historia yake. Mashine za sarafu ziliishi kwa wewe kufa upesi na kutumbukiza nyingine, na magemu mengi ya nyumbani yakarithi ukali huo ingawa hakuna sarafu tena. Kwa hiyo mtu akijivunia kwamba magemu ya zamani yalikuwa magumu "kwa wanaume kweli", muulize kwanza ugumu huo ulikuwa unamfaidia nani.

Kuhusu ushawishi nitasema kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu hupenda maneno makubwa. "Bila hili yasingekuwepo mengine yote" ni kauli isiyopimika. Taja kitu kimoja kilichochukuliwa, na aliyekichukua. Ukishindwa kukitaja, pengine unalipenda gemu hilo tu, na kulipenda kunatosha.

Na kama nyumbani kuna kaseti, diski au simu ya zamani, usiitupe. Utafiti wa 2023 wa Video Game History Foundation, shirika la Marekani linalohifadhi historia ya magemu, ulionyesha kwamba asilimia 87 ya magemu ya zamani yaliyowahi kutolewa Marekani hayauzwi tena. Gemu lisilochezeka haliwezi kujitetea barazani.

Idi iliyopita nilikwenda na PlayStation yangu kwenye begi. Tulicheza, safari hii wasichana wa ukoo nao wakaingia kwenye foleni, na mpwa wangu wa kike akamtoa kaka kwa mabao mawili. Katikati ya makelele mama akaingia chumbani kwake, akarudi na ile Nokia ya tochi, imechajiwa, na plasta imeshikilia mfuniko wa betri. Hakusema kitu. Alikaa kwenye mkeka karibu na mlango akaanza kumlisha nyoka wake kwa kidole gumba, taratibu, pembe kwa pembe. Baada ya muda kaka aliacha pedi, akaenda kusimama nyuma yake kutazama.

"Mama," akasema, "zamu yangu lini?"

"Nikifa," mama akajibu bila kuinua macho, na nyoka alikuwa tayari amejaa nusu ya kioo.