Wimbo Usio na Jina Ndani ya Kaseti

SWALI: Ndugu wahariri, nina kaseti ya zamani iliyorekodiwa kutoka redioni. Upande wa pili pana wimbo wa jazi iliyochanganywa na roki, hauna maneno, unaongozwa na kinanda cha umeme na saksafoni. Mtangazaji amekatwa kabla hajautaja. Nimeisogezea simu mara nyingi, lakini programu ya kutambua nyimbo inashindwa. Je, haumo kabisa kwenye hifadhi yao?

JIBU: Huenda umo. Programu hizo huchukua vilele vya sauti na muda ulio kati yake, kisha huvilinganisha na alama zilizohifadhiwa. Kaseti inatakiwa kwenda sentimita 4.76 kwa sekunde. Kama deki (mashine ya kaseti) iliyorekodi ilikuwa ikienda polepole kidogo, na yako inakimbia kidogo, makosa hayo mawili hujumlishana, na asilimia chache zinatosha kuhamisha alama zote ilhali sikio lako halijashtuka. Kwa hiyo anza na kasi.

Peleka mkanda mbele hadi mwisho, uurudishe wote, ndipo uucheze. Mkanda uliokaa miaka mingi hushikana na kwenda kwa kukwamakwama. Ukisikika kama umefunikwa blanketi, tafuta skrubu yenye springi kando ya kichwa cha kusomea. Weka alama ilipo, kisha izungushe taratibu kwa bisibisi nyembamba, isizidi robo mzunguko, mpaka matoazi yang'ae. Skrubu ya upande wa pili usiiguse. Ingiza sauti kwenye kompyuta kwa waya, si kwa maikrofoni ya simu, vilele visipite desibeli -6.

Sasa tafuta mahali kinanda kinaposhikilia noti peke yake, upime masafa yake. Usipime kwa saksafoni, maana mpulizaji huipinda noti kwa midomo. Vinanda vya umeme kwa kawaida huwekwa noti A iwe hezi 440. Ukipata 449, gawanya 440 kwa 449: ni 0.98, yaani punguza kasi kwa asilimia 2. Kwenye programu ya kuhariri sauti, tumia amri inayobadilisha kasi yote, mwendo na kimo cha sauti kwa pamoja. Amri ya kushusha kimo peke yake huacha mwendo ukiwa na kosa lilelile, na programu ya kutambua nyimbo itashindwa tena. Jihadhari na jambo moja: nusu toni ni karibu asilimia 6, hivyo tofauti ikikaribia asilimia 3 huwezi kujua noti imepanda au imeshuka. Hapo tengeneza nakala mbili, moja ya kasi iliyopunguzwa na moja ya kasi iliyoongezwa, ujaribu zote.

Ipe programu sekunde 15 za kiitikio ambapo bendi nzima inapiga, si dramu peke yake. Ikikataa bado, yawezekana redio ilirusha onyesho la jukwaani, na alama hizo ni za rekodi moja tu. Tumia basi utafutaji wa kuimba kwa mdomo uliofumbwa. Huo hufuata melodia.

Vyombo navyo vinataja umri. Ukisikia sinthesaiza ya nyuzi (kinanda cha umeme kinachoiga fidla nyingi) aina ya ARP Solina, rekodi haitangulii 1974. Ukisikia sinthesaiza ya Yamaha DX7, haitangulii 1983. Kwa miaka hiyo chuja katalogi ya Discogs, tovuti ya orodha za rekodi: jazi, kisha mtindo wa fusion, yaani jazi iliyochanganywa na roki. Usiukatae wimbo kwa urefu wake. "Chameleon" ya Herbie Hancock ina zaidi ya dakika 15 kwenye albamu ya 1973, lakini kwenye santuri ndogo ilikatwa sana.

SWALI: Wimbo nimeupata kwenye santuri ndogo, lebo imechanika. Sauti ni nyembamba, tena inayumba.

JIBU: Mulika kwa tochi kutoka ubavuni ile sehemu tupu iliyo kati ya mifereji na lebo. Utaona namba iliyochongwa. Iandike yote pamoja na alama zake, uitafute Discogs. Wembamba unatokana na kukosa kikuza sauti cha santuri: besi hupunguzwa wakati wa kuchonga, na kifaa hicho ndicho huirudisha. Kuyumba kukijirudia kila sekunde 1.3, ambao ni mzunguko mmoja kwa kasi ya mizunguko 45 kwa dakika, tundu haliko katikati. Sogeza santuri kidogokidogo juu ya adapta (kipande kinachojaza tundu kubwa la katikati) mpaka mkono wa sindano uache kucheza kulia na kushoto.