Corolla "ilichemsha kidogo tu Kitonga": ninunue au niache?

Mkuu, kama nimekuelewa, umepata Corolla 110 hapo Mbeya, injini ya 5A, bei iko chini kuliko za wenzake, na muuzaji amekiri mwenyewe kwamba mwezi uliopita ilichemsha kwenye mlima wa Kitonga ikitoka Dar. Fundi akatoa themostati, ile valvu inayozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate moto, na tangu hapo haijasumbua. Unataka kujua kama injini imeshaumia. Nakujibu kwa sababu niliwahi kuwa na 110 kama hiyo, na yangu nayo ilichemkia mlima huo huo.

Nilikuwa nyuma ya semi trela, gia ya pili, AC inapuliza. Mshale ukapanda mpaka karibu na H, nikajisemea nikifika juu nitapumzika. Kabla sijafika juu ukashuka wenyewe. Nikafurahi, nikakanyaga mafuta. Kumbe maji yalikuwa yameisha. Ile sensa inasoma joto la maji. Yakiisha inabaki kwenye mvuke na hewa, mshale unarudi chini kama vile gari imepoa. Hedi yangu, kile kipande cha juu cha injini, ilikufa katika dakika zile nilizokuwa nafurahi. Gari ikanizimikia kabla ya Ilula, nami kwa haraka zangu nikaimwagia maji ya baridi, dumu zima, aluminiamu ikiwa ya moto vile. Usicheke.

Kwa hiyo muuzaji usimuulize kama ilichemsha, hilo ameshasema. Muulize mshale ulifanyaje, aliendesha umbali gani baada ya hapo, na maji aliyaongeza baada ya muda gani. Aliyezima papo hapo akakaa pembeni saa nzima anaweza kuwa amepona kabisa. Aliyeendelea kusukuma mpaka gari ikakataa yenyewe, anakuuzia tatizo.

Halafu hilo la themostati. Kwenye injini nyingi za Toyota za umri huo inafunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na kazi yake ni kuipasha injini haraka na kuishikilia hapo. Ukiitoa, maji yanazunguka muda wote, na kwa baridi ya Mbeya mshale hata hausogei. Mteja anaona fundi ametibu, kumbe mgonjwa amefichiwa homa. Usikubali kuipima gari bila themostati. Nunua mpya, ifungwe, ndipo ukague. Kifuniko cha rejeta nacho badilisha, ni kitu cha bei ndogo. Kwa mwinuko wa Mbeya, mita 1,700 hivi, maji yasiyobanwa yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95, sio 100. Kinachoyazuia yasichemke ni presha inayoshikwa na kile kifuniko. Mpira wake ukichoka, huku juu utachemsha mapema kuliko mtu wa Dar mwenye ugonjwa huo huo.

Sasa dalili. Watu watakwambia angalia moshi mweupe na ule ute wa rangi ya chai ya maziwa chini ya kifuniko cha oili. Ni kweli, ila kwa huku kwetu dalili hizo zinadanganya. Mwezi wa sita na wa saba, Uyole au Makambako saa kumi na mbili asubuhi, gari nzima kabisa inatoa mvuke mweupe kwenye ekzosi, na inayotembea safari fupi za sokoni na kurudi inajenga ute chini ya kifuniko kwa unyevu tu. Nimeona mtu akifunguliwa injini bure kwa ajili ya ute huo. Vuta kijiti cha oili uangalie oili yenyewe. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa hadi kwenye kijiti, hapo hakuna mjadala, achana nayo, maana maji yakishazunguka na oili beringi za konrodi nazo zinaliwa. Na mvuke wa baridi unaisha injini ikipata moto. Usipoisha, na maji yanapungua, hiyo ni gasketi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku.

Ninachokiamini mimi ni mpira wa juu wa rejeta. Omba gari ilale kwako au nenda alfajiri kabla haijawashwa. Ubinye mpira kwa vidole: uwe mlaini. Wangu, wiki tatu baada ya Kitonga, niliukuta asubuhi mgumu kama goti, gari imelala usiku kucha. Nikafungua kifuniko taratibu kikatoa pumzi, fyuuu. Injini ya baridi haina sababu ya kuwa na presha hiyo. Ilikuwa gesi ya kwenye silinda, ilipenya kwenye gasketi jana yake ikabaki humo. Baada ya hapo jaza maji hadi shingoni, washa kifuniko kikiwa wazi, uangalie. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa inayotoka, usiogope. Yakiendelea kupanda hata themostati ikishafunguka, tena yanazidi ukipiga resi, umepata jibu. Mkiwa hapo angalia pia rangi ya maji. Maji ya kutu maana yake kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta, haijawekwa miaka mingi, na hedi ya aluminiamu inaliwa kwenye matundu ya maji. Yangu ililiwa hivyo, gasketi mpya ikakosa pa kukaa.

Plagi zote nne zitoke, uzipange kwa mpangilio wa silinda. Zangu tatu zilikuwa na kahawia ya kawaida, lakini ya silinda ya tatu kutoka upande wa mkanda ilikuwa nyeupe, safi, kama imeoshwa kwa sabuni. Mvuke wa maji ndio ulioiosha. Mzee mmoja fundi wa Mwanjelwa aliishika tu akanirudishia, akasema, "Mwanangu, hii inakunywa maji."

Kompresheni, yaani presha inayobanwa ndani ya kila silinda, ipimwe pia, injini ikiwa ya moto, mafuta yamekanyagwa mpaka mwisho. Usibishane na namba za vitabu, maana vitabu vimeandikwa kwa watu wa usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi, geji itasoma chini kwa karibu moja ya sita hata injini ikiwa nzima. Linganisha silinda na silinda. Mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, gasketi imepasuka katikati yao. Iliyo chini peke yake, itie kijiko cha oili upime tena: ikipanda ni ringi za pistoni, isipopanda ni valvu au gasketi. Ringi zikishaungua zinalegea, na sili za valvu zinakauka, ndiyo maana gari nyingine inabadilishwa gasketi vizuri kabisa kisha inaanza kula oili. Moshi wa bluu ukiwasha asubuhi ndio huo.

Ukifika hatua ya kufungua, simama mwenyewe fundi anapolaza rula ya chuma juu ya hedi na kupitisha vibapa vya kupimia. Kikomo cha kupinda kwa injini hizi ndogo za Toyota ni 0.05 mm, nusu ya unene wa karatasi ya daftari. Jicho halioni hilo. Fundi wangu wa kwanza aliangalia kwa jicho, akafunga gasketi mpya, na nikarudi kwake ndani ya mwezi mmoja. Wa pili alipima, akaipeleka kusagwa, na kabla ya kusaga wakaipima nyufa kwa presha. Dai na hilo.

Yote yakipita, ipandishe barabara ya Chunya mpaka Kawetere, watu wanne ndani, AC imewaka. Ukirudi iache ilale, kesho yake ubinye mpira tena.

Na picha za plagi uweke hapa, zote nne, ya kwanza ikiwa ile ya upande wa mkanda.