Resi inapanda, mwendo hauongezeki

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Pikipiki yangu ya 125 ni ya siku nyingi. Nikipanda Marangu na abiria, resi inapanda ila mwendo uleule. Plagi nayo inatoka nyeusi. Nianzie wapi? Msomaji, Moshi.

JIBU: Klachi inateleza, ndugu, lakini usikimbilie kununua pleti, zile sahani za klachi zinazobanana kupeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu. Anza na waya: ncha ya mkono wa klachi icheze milimita 10 hadi 20 kabla ya kuanza kuvuta. Waya uliokazwa mno hauachi pleti zibanane, zinaungua. Kisha oili. Klachi hii hufanya kazi ndani ya oili ya injini, na oili nyingi za magari zina vilainishi vinavyoitelezesha. Weka oili ya uzito wa 20W-50 yenye alama ya JASO MA, yaani inayofaa klachi ya ndani ya oili, kwa kipimo cha kijiti.

Bado inateleza? Fungua klachi. Pleti za chuma zenye rangi ya bluu zimeungua. Badilisha seti nzima na springi zake, na tafadhali loweka pleti mpya kwenye oili safi kabla ya kufunga. Wengi huruka hatua hii.

Plagi nyeusi, kavu: petroli imezidi hewa. Safisha chujio la hewa, hakikisha choki inarudi yote. Huko juu hewa ni nyepesi, hivyo kasoro ndogo ya kabureta huonekana zaidi.